Magari ya Umeme ya Mbio Yanayoundwa na Wanafunzi wa Vyuo Vikuu: Yanavyofanya Kazi na Yanavyomhusu Kijana wa Pwani

Kila mwaka, wanafunzi wa uhandisi kutoka vyuo vikuu vya nchi nyingi hukutana viwanjani, kila timu na gari lake la mbio la kiti kimoja. Gari hilo halikununuliwa dukani. Wanafunzi wenyewe wamelichora, wamelipigia hesabu, wamelichomelea, wameliunganisha nyaya na wanaliendesha. Wahadhiri wanaruhusiwa kushauri tu. Zamani magari hayo yote yalitumia petroli. Siku hizi timu nyingi zimehamia kwenye umeme.

Makala haya yanaeleza mashindano hayo ni yapi, gari la aina hii lina nini ndani, kwa nini timu nyingi hukwama kabla ya kufika barabarani, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Pwani, ambako kijana anaweza kumaliza shahada ya uhandisi bila kuwahi kufunga hata nati moja ya gari linalotembea.

Yalianza wapi

Mashindano makuu yanaitwa Formula SAE. Yalianza mwaka 1981 katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani, chini ya SAE, chama cha wahandisi wa magari. Mwaka 1998 yakavuka bahari hadi Uingereza, yakaitwa Formula Student. Ujerumani ikaanzisha yake mwaka 2006, na hadi leo hufanyika Hockenheim, kwenye uwanja maarufu wa mbio za magari.

Umeme ulipewa kundi lake Ujerumani mwaka 2010. Marekani ilifuata mwaka 2013 mjini Lincoln, jimbo la Nebraska. Mwaka 2017 Wajerumani wakaongeza kundi la magari yanayojiendesha bila dereva. India nayo ina mashindano yake, Formula Bharat, na kutoka bara letu timu za vyuo vya Misri zimeshashindana Uingereza. Kwa hivyo huu si mchezo wa Wazungu peke yao.

Mshindi hupatikanaje

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu akisikia mbio, hudhani anayetangulia ndiye mshindi. Kwenye Formula SAE alama ni 1000, nazo zimegawanywa hivi:

- Kueleza biashara ya gari mbele ya waamuzi: alama 75
- Hesabu ya gharama za kutengeneza gari: alama 100
- Kutetea mchoro na maamuzi ya kihandisi: alama 150
- Kuondoka kwa kasi, mita 75 kwa mstari ulionyooka: alama 100
- Kuzunguka kwenye duara mbili zilizoungana mfano wa nambari nane: alama 75
- Mzunguko mmoja wa njia yenye kona nyingi: alama 125
- Mbio za ustahimilivu, kiasi cha kilomita 22: alama 275
- Matumizi mazuri ya nishati katika mbio hizo: alama 100

Mashindano ya Ulaya hugawanya alama kwa namna iliyo tofauti kidogo, lakini mpango ni huohuo.

Ukizijumlisha utaona jambo. Alama 325 hutolewa gari likiwa limesimama, wanafunzi wakizungumza. Kuondoka kwa kasi, kile ambacho vijana hupenda kukitazama kwenye video, ni sehemu moja tu ya kumi. Mbio za ustahimilivu na matumizi ya nishati zikichukuliwa pamoja ni alama 375. Gari linalokwenda kama risasi kisha likazimika katikati ya njia hupoteza kuliko gari la mwendo wa kadiri linalofika mwisho.

Waamuzi wa mchoro ni wahandisi walio kazini viwandani. Hawaulizi gari lina kasi gani. Wanauliza kwa nini. Kwa nini chuma hiki na si kile? Kwa nini mota mbili na si nne? Mmepima vipi? Mwanafunzi akijibu kwamba mwaka jana walifanya hivyo, au kwamba ameona kwenye mtandao, alama zinaanza kudondoka. Aliyepima na kuandika vipimo vyake ana la kusema.

Gari lina nini ndani

Gari la umeme la wanafunzi huwa na uzito wa kilo 170 hadi 250, dereva akiwa hayumo. Sheria inakataza betri kutoa zaidi ya kilowati 80 kwa wakati wowote. Hiyo ni kama nguvu farasi 107, takriban sawa na injini ya Toyota Probox ya sisi 1500. Lakini Probox ina uzito uliopita tani moja. Chukua nguvu ya Probox, uitie kwenye chombo ambacho watu wanne wanaweza kukiinua, utaelewa kwa nini gari hili dogo linaruka.

Sehemu zake kuu ni hizi.

Betri. Huundwa kwa seli nyingi ndogo za lithiamu, aina ya zile zilizomo kwenye kompyuta za mkononi. Seli moja ikijaa hufika volti 4.2. Timu ikipanga seli 140 kwa mfululizo hupata volti 588, chini kidogo ya kikomo cha volti 600 kinachoruhusiwa. Seli hizo hugawanywa katika mafungu, kila fungu lisizidi volti 120, ili fundi akifungua sanduku asikutane na umeme wote kwa mara moja.

Inverta. Betri hutoa umeme wa mkondo mmoja. Mota nyingi za magari haya hutaka umeme wa mkondo geu. Inverta ndiyo inayobadilisha, na ndiyo inayoamua mota ivute kwa nguvu kiasi gani kila sekunde.

Mota. Timu nyingine hutumia moja nyuma. Timu tajiri hutia nne, moja kwa kila gurudumu, na kompyuta ya gari ikagawa nguvu kwa kila tairi kulingana na kona.

Kikanyagio cha mwendo. Hakuna waya wa kuvuta kama wa pikipiki. Kuna sensa zisizopungua mbili zinazopima mguu wa dereva. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 kwa muda unaozidi sehemu moja ya kumi ya sekunde, gari linakata nguvu lenyewe. Sababu ni nyepesi: sensa moja ikiharibika, gari lisije likadhani dereva amekanyaga hadi mwisho.

Breki. Ni za mafuta, kama za gari la kawaida. Juu ya hizo, mota zinaweza kugeuzwa kuwa jenereta dereva anapopunguza mwendo, na umeme ukarudi kwenye betri.

Hesabu ya betri inafaa kuangaliwa kwa karibu, maana ndiyo inayowashinda wengi. Timu nyingi hubeba kiasi cha kilowati-saa 6 hadi 8. Kwa lugha ya nyumbani, hizo ni yuniti sita hadi nane za tokeni za Kenya Power. Dereva akiwa na yuniti 7 na akatumia kilowati 80 bila kupumzika, betri itaisha kwa dakika tano na kidogo. Mbio za kilomita 22 huchukua muda mrefu zaidi ya huo. Kwa hiyo timu lazima ijue mapema ni wapi pa kukanyaga, wapi pa kuachia, na kiasi gani cha umeme kitarudi kwenye breki. Betri kubwa zaidi si dawa, kwa sababu huongeza uzito, na uzito hula umeme.

Kisha kuna joto. Sheria hairuhusu seli za kawaida kupita nyuzi joto 60. Zikifika hapo, mfumo wa ulinzi hulizima gari, hata kama limebakisha mzunguko mmoja.

Ukaguzi: mahali ambapo ndoto nyingi hukomea

Hakuna gari linaloingia barabarani kabla ya kupita ukaguzi. Wakaguzi hulipekua siku nzima au zaidi, na kila mwaka zipo timu zilizosafirisha gari mbali ambazo zinarudi nyumbani bila kushindana hata mara moja. Si kwamba gari lao halitembei. Ni kwamba hawakuweza kuthibitisha kuwa ni salama.

Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240, na sote tunajua misiba yake. Hapa tunazungumzia volti 600 za mkondo mmoja. Umeme wa mkondo geu hupita sifuri mara nyingi kwa sekunde, kwa hivyo cheche yake huweza kukatika. Umeme wa mkondo mmoja hauna nafasi hiyo: cheche ikishaanza huendelea kuwaka na kuyeyusha chuma. Ndiyo sababu swichi ya kawaida haifai, na ndiyo sababu sheria ni kali.

Miongoni mwa mambo yanayokaguliwa ni haya:

- Taa ya hali ya umeme. Kijani maana yake umeme mkubwa umekatwa. Nyekundu inayowakawaka maana yake uko hai, usiguse.
- Kifaa kinachopima kama umeme unavuja kutoka kwenye nyaya kwenda kwenye fremu. Kikigundua uvujaji, gari huzimika.
- Vitufe vikubwa vyekundu vya kuzima gari, ndani na nje, ili hata mtu aliyesimama kando aweze kuukata umeme.
- Jaribio la mvua. Gari hunyunyiziwa maji kwa sekunde 120 mfumo wa umeme ukiwa umewashwa, kisha husubiriwa sekunde 120 nyingine. Likizimika, limeanguka mtihani.
- Kuinamishwa. Gari huwekwa kwenye jukwaa na kuinamishwa nyuzi 60. Lisipinduke, wala lisidondoshe tone.
- Dereva kutoka. Akiwa amefungwa mikanda yote, ni lazima atoke ndani ya sekunde 5.
- Breki. Magurudumu yote manne lazima yagande kwa pamoja.
- Mlio. Gari la umeme halingurumi, basi kabla ya kuondoka ni lazima litoe sauti ya kuwatahadharisha walio karibu.

Aidha kila timu huwa na mtu aliyeteuliwa kusimamia usalama wa umeme. Bila yeye, sanduku la betri halifunguliwi. Hata kuchaji hufanyika mahali maalumu, betri ikiwa imetolewa garini.

Mtu wa haraka atayaona haya kuwa urasimu. Lakini ndiyo tofauti kati ya fundi anayejua umeme na mtu aliyezoea umeme. Aliyezoea hushika waya kwa sababu jana hakikumpata kitu.

Mwaka wa timu

Timu nzuri hugawanyika kama mabaharia wa chombo kimoja. Kuna kundi la fremu, la umeme, la betri, la usukani na matairi, la programu za kompyuta, la fedha na wafadhili. Mwanafunzi wa biashara ana kazi hapo sawa na wa mekanika, kwa sababu hesabu ya gharama na maelezo ya biashara yana alama zake.

Miezi ya mwanzo ni ya kuchora na kupiga hesabu. Inayofuata ni ya kutengeneza na kuunganisha. Iliyobaki, na hii ndiyo ambayo timu changa huila kwa kuchelewa, ni ya majaribio. Gari lililokamilika wiki moja kabla ya mashindano ni gari ambalo kasoro zake zitajitokeza mbele ya waamuzi.

Tatizo kubwa zaidi haliko kwenye vyuma. Wanafunzi wanahitimu. Yule aliyejua kila waya wa betri anaondoka na ujuzi wake kichwani, na wadogo zake wanaanza upya. Fundi wa majahazi kule Matondoni humrithisha mwanafunzi wake kwa miaka, mkono kwa mkono, bila karatasi. Chuo hakina miaka hiyo. Kwa hivyo timu zinazodumu ni zile zinazoandika: kila kipimo, kila kosa, kila kilichoungua na sababu yake.

Zurich: sekunde moja kasoro

Mfano mzuri wa faida ya kurithishana ni timu ya AMZ ya chuo cha ETH mjini Zurich, Uswisi. Ilianzishwa mwaka 2006, na tangu 2010 huunda magari ya umeme. Mwaka 2016 gari lake liitwalo grimsel lilitoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 1.513, rekodi ya dunia kwa magari ya umeme. Mwaka 2022 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stuttgart, Ujerumani, wakaishusha hadi sekunde 1.461.

Waswisi hawakulala. Mwezi Septemba 2023, kwenye uwanja wa Dübendorf, gari lao liitwalo mythen lilifika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 0.956, ndani ya mita 12.3. Wanafunzi wa chuo cha Lucerne walishirikiana nao. Gari lilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, mota nne za magurudumuni na nguvu ya kilowati 240. Kilowati hizo zimepita kikomo cha mashindano mara tatu, kwa kuwa siku hiyo walikuwa wakitafuta rekodi na si alama.

Nguvu peke yake isingetosha, maana matairi yangezunguka bure. Wanafunzi walitia kifaa kinachofyonza hewa chini ya gari, mfano wa mashine ya kufyonza vumbi, kikaligandisha gari kwenye lami. Nyuma ya usukani alikuwa binti, Kate Maggetti. Wazazi wenye mabinti wanaopenda fizikia walijue hilo.

Gari lenyewe halikuwa jipya. Mythen lilizaliwa 2019, likafanyiwa marekebisho na wanafunzi waliokuja baadaye. Rekodi ile ni kazi ya vizazi kadhaa vya wanafunzi katika karakana moja.

Kenya tulishawahi kujaribu

Wakubwa wanakumbuka Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, hata liwe baya au la mwendo wa pole. Wahandisi wakafanya kazi, magari matano yakaundwa, na mwaka 1990 yakaonyeshwa Kasarani. Yalifika mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Shirika likaundwa ili yatengenezwe kwa wingi, fedha zikakosekana, na hadithi ikaishia hapo.

Watu huicheka hadithi hiyo, na mimi naona tunacheka pasipochekesha. Wakenya waliunda gari, nalo lilitembea. Kilichokosekana ni gari la pili, la tatu na la kumi, na vijana wa kuyaunda. Mradi wa amri ya mkubwa hufa mkubwa akigeuza uso. Mradi wa wanafunzi wanaoshindana kila mwaka una sababu yake yenyewe ya kuendelea.

Kijana wa Pwani aanzie wapi

Pwani haijapungukiwa. Chuo cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, kina mizizi ya tangu enzi za MIOME, shule iliyojengwa ili Waislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi, na kilipewa hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2013. Mjini Mombasa kuna kiwanda cha AVA cha kuunganisha magari, ambacho kimewahi kuunganisha mabasi ya umeme ya BasiGo. Mafundi wa tuktuk wanaojua kufungua na kufunga wamejaa mitaani. Kinachokosekana ni meza moja ya kuwakutanisha.

Kuna mambo matatu yanayowezekana bila kungoja mamilioni.

La kwanza, anza na umeme mdogo. Sheria za mashindano huhesabu umeme wa mkondo mmoja uliopita volti 60 kuwa ndio mkubwa. Gari dogo la volti 48, kwa betri ya aina inayotumika kwenye pikipiki za umeme, linafundisha sehemu kubwa ya kazi: inverta, sensa, breki, joto la betri, hesabu ya nishati. Hata hivyo betri ya volti 48 nayo huwaka moto nyaya zikigusana, basi fyuzi na glavu si mapambo.

La pili, mashindano ya Uingereza yana kundi la timu ambazo bado hazijaunda gari. Huleta mchoro, hesabu na mpango wa biashara, na kuvitetea mbele ya waamuzi. Chuo kinachoanza kingeweza kupitia mlango huo.

La tatu, tutumie tabu zetu kama somo. Hewa ya chumvi inakula viungo vya nyaya. Unyevunyevu huleta uvujaji wa umeme. Na gari linaloanza mbio mchana wa Mombasa, hewa ikiwa nyuzi 32, lina nafasi ndogo ya kupata joto kabla ya kufika 60 kuliko lile linaloanza kwenye asubuhi ya baridi Ulaya. Mwanafunzi wa hapa akipata njia ya kupoza betri katika hali hiyo na kuzuia kutu kwenye viungo vyake, atakuwa amejua jambo ambalo kila mwenye tuktuk ya umeme hapa Pwani atalihitaji.

Maana tuktuk, boda na mabasi ya umeme yanaingia, tupende tusipende. Yatakapoharibika, atatafutwa mtu wa kuyatengeneza. Ama atakuwa kijana wetu aliyefundishwa kuufunga umeme kabla ya kufungua sanduku la betri, ama ataletwa mtu kutoka nje, ama fundi wa mtaani atajaribu bila mafunzo na tutamzika.

Mzazi unayemlipia mwanao karo ya uhandisi, mwulize swali moja atakaporudi likizo: mwaka huu umeunda nini kwa mikono yako? Na walimu wa vyuo vyetu waulizwe swali lilelile, kwa heshima yao. Karakana, seti ya vifaa vya usalama, mhadhiri mmoja wa kusimamia na daftari lisilopotea vinatosha kuanzia mwaka wa kwanza.